Shamba la Anathothi: Haki, Neema na Kurudishwa

  Leo twataka kuzungumza juu ya mambo matatu ambayo manabii wa Israeli huyataja pamoja, nasi tumezoea kuyatenga. Mambo hayo ni haki, neema, na kurudishwa kwa kilichopotea.

Twayatenga namna hii. Haki twamwachia hakimu na chifu. Neema twaiimba kanisani siku ya Jumapili. Na habari ya kurudishwa twaiahirisha mpaka mbinguni, kana kwamba Mungu hana neno juu ya mashamba, mishahara na mipaka ya hapa chini. Kutokana na mazoea hayo limezaliwa swali ambalo huulizwa kwa sauti mara chache, lakini moyoni mara nyingi. Mtu alijitwalia kipande cha shamba la ndugu yake, au la mjane wa ndugu yake. Baadaye akaokoka, akatubu kwa machozi mbele ya kanisa. Je, shamba lile sasa ni lake? Mungu amesamehe, basi yamekwisha?

Wako wajibuo upesi kwamba yamekwisha, na kumkumbusha mtu mambo ya zamani ni kuidharau damu ya Yesu. Wako wengine wajibuo upesi vilevile kwamba mtu kama huyo hakuokoka kamwe. Sisi twaomba tusijibu upesi. Mwenye Biblia na aifungue katika kitabu cha nabii Yeremia. Tutapita katika sura ya 22, kisha ya 34, kisha tutakaa zaidi katika sura ya 32, ambako nabii alinunua shamba siku ambayo hakuna mtu mwenye akili zake angenunua.

Nyumba ya mierezi

Mwaka 609 kabla ya Kristo mfalme Yosia wa Yuda aliuawa huko Megido alipokwenda kupigana na Farao Neko wa Misri. Farao alimwondoa Yehoahazi mwana wa Yosia katika kiti cha enzi, akamweka ndugu yake Yehoyakimu, akaitoza nchi talanta 100 za fedha na talanta 1 ya dhahabu. Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 23, chatuambia ni nani aliyelipa. Mfalme aliwatoza wananchi, kila mtu kwa kadiri alivyoandikiwa.

Na ni huyo huyo Yehoyakimu aliyeona kwamba nyumba ya baba yake haimtoshi. Akajenga nyingine yenye vyumba vipana vya juu, madirisha makubwa, mbao za mwerezi, na rangi nyekundu. Wajenzi wake hawakulipwa. Walifanya kazi, wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Yeremia, katika sura ya 22, hamlaumu mfalme kwa kupenda nyumba nzuri. Neno lake ni kwamba kuta zile zimesimama juu ya jasho la jirani asiyepewa ujira. Kisha amkumbusha baba yake. Yosia naye alikula na kunywa. Hakuwa mtu wa kujinyima chakula. Lakini aliamua daawa ya maskini na mhitaji, na mambo yakamwendea vema. Hapo nabii asema jambo ambalo tungalifaa kulisoma polepole. Asema kwamba kumwamulia maskini haki yake ndiko kumjua Mungu. Hasemi kwamba ni kazi ya ziada ifuatayo baadaye kama nafasi ikipatikana, wala kwamba ni kazi ya kamati fulani ya kanisa. Kumjua Mungu kwenyewe kulikuwa pale, katika daawa ya mtu asiye na fedha.

Tuseme neno moja hapa juu ya lugha. Katika Biblia yetu ya Kiswahili twakuta mara nyingi maneno mawili yakifuatana, hukumu na haki. Neno hukumu latutisha. Tukilisikia twafikiri gereza. Lakini neno la Kiebrania lililo nyuma yake, mishpati, lina maana ya kukata shauri sawasawa, mwenye kudai apate kilicho chake, na mnyonge asikilizwe langoni pa mji, ambako wazee waliketi kusikiliza mashauri. Mjane aliyenyang'anywa hakuiogopa hukumu ya namna hiyo. Aliingoja kama mkulima angojavyo mvua ya masika.

Yeremia hakuyazua maneno haya. Yapata miaka 150 kabla yake, Amosi, mchungaji wa Tekoa, alikwenda Betheli akawaambia watu wa kaskazini kwamba wamewauza maskini kwa bei ya jozi ya viatu, huku wakiimba vizuri katika ibada. Mika wa Moreshethi aliwasema wale walalao usiku wakifikiri jinsi ya kutwaa shamba la mwenzao, na kukipambazuka watwaa, kwa sababu wana nguvu ya kufanya hivyo. Wasikilizaji wa Kenya hawahitaji mfafanuzi wa maneno ya Mika. Mwaka 2004 Tume ya Ndung'u ilitoa taarifa juu ya ardhi ya umma iliyogawanywa kinyume cha sheria, na ndani yake mlikuwa na misitu, na viwanja vilivyotengwa kwa ajili ya watu wote.

Lakini tusikimbilie habari za wakubwa, maana ni rahisi kusikiliza mahubiri yanayompiga mtu mwingine. Msichana wa kazi aliyeletwa kutoka kijijini, ambaye mshahara wake huwekwa na mwenye nyumba mpaka usahaulike, yumo katika sura hii ya 22. Kibarua aliyepalilia mahindi yetu na sasa amekuja mara tatu akiambiwa arudi kesho, naye yumo.

Watumwa walioachiwa siku chache

Sasa tusonge mbele miaka kama 20. Mfalme ni Sedekia, mwana mwingine wa Yosia, wa mwisho kuketi katika kiti kile. Nebukadreza mfalme wa Babeli ameizunguka nchi yote. Sura ya 34 yasema kwamba katika miji yenye boma ya Yuda, mbali na Yerusalemu, ni Lakishi na Azeka tu iliyokuwa imesalia. Mwaka 1935 wachimbuzi wa mambo ya kale walivumbua katika magofu ya Lakishi vigae vya udongo vilivyoandikwa kwa wino, barua za askari wa siku zile zile. Katika kimoja mwandishi aeleza kwamba wanaitazamia ishara ya Lakishi, maana ile ya Azeka hawaioni. Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa.

Katika hofu hiyo Sedekia aliwaita watu wakafanya agano. Torati ilikuwa imeamuru kwamba Mwebrania aliyejiuza kwa sababu ya umaskini atumike miaka 6, na mwaka wa 7 aachiwe huru. Tena Kumbukumbu la Torati, sura ya 15, yaagiza asiachiwe mikono mitupu, apewe kondoo, nafaka na divai vya kuanzia maisha. Amri hii ilikuwa imelala kwa vizazi. Sasa, adui akiwa malangoni, wakuu wakaikumbuka. Wakaenda katika nyumba ya Mungu, wakamkata ndama vipande viwili, wakapita katikati ya vipande, maana yake, na tukatwe hivi tukivunja neno letu. Watumwa, wanaume kwa wanawake, wakaachiwa.

Lo! Siku hizo hizo jeshi la Misri likatoka kuja kusaidia, nao Wababeli wakauacha mji ili kulikabili. Vumbi la farasi likatulia. Watu wakapanda juu ya ukuta, wakatazama, hawakuona adui. Na mara wakuu wakawaendea wale waliokwisha kuwaacha huru, wakawarudisha utumwani.

Tufikiri kidogo juu ya mwanamke mmoja katika wale. Jina lake halikuandikwa. Alikuwa amefunga mzigo wake mdogo, labda amefika kwa ndugu zake, labda amelala usiku mmoja pasipo kuitwa na mtu ateke maji. Asubuhi bwana wake yuko mlangoni. Biblia haituambii alisema nini. Yatuambia Mungu alisema nini, na maneno hayo ni makali kuliko karibu yote yaliyomo katika kitabu hiki. Kwa kuwa hamkumtangazia ndugu yenu uhuru, ndiyo maana ya maneno yake, basi nami nawatangazia ninyi uhuru: mmeachwa huru kwa upanga, kwa tauni na kwa njaa.

Katika Kiebrania liko jambo hapa ambalo tafsiri haiwezi kulionyesha lote. Neno la kutubu katika lugha hiyo ni lile lile la kurudi. Nabii alitumia neno hilo moja mara tatu mfululizo: ninyi mlirudi, yaani mlitubu, mkafanya yaliyo mema, kisha mkarudi nyuma, kila mmoja akamrudisha mtumwa wake. Toba yao ilikuwa ya kweli kwa muda wa hatari. Hatusemi walidanganya walipopita kati ya vipande vya ndama. Pengine walilia. Lakini toba ile ilikuwa na mguso mmoja tu mwilini, yaani yule mtu aliyetoka mlangoni akiwa huru, nao walipomrudisha huyo, toba ilirudi pamoja naye.

Twaona basi kwamba swali letu la mwanzo limekwisha kupata nusu ya jibu. Mtu aliyetubu kwa kuchukua shamba la mjane, toba yake iko wapi? Iko katika lile shamba. Kama shamba lingali mikononi mwake, na aweza kulirudisha, toba ingali njiani.

Shekeli 17

Lakini manabii hawakuishia hapo, na anayehubiri haki peke yake kutoka katika vitabu vyao hajavisoma hata mwisho.

Wakati Wababeli walipouacha mji, Yeremia naye alijaribu kutoka aende nchi ya Benyamini, kwa ajili ya fungu lake la urithi huko. Alikamatwa langoni, akashtakiwa kuwa anawakimbilia adui, akapigwa, akatiwa gerezani. Habari hii imo katika sura ya 37. Baadaye mfalme akaamuru awekwe katika uwanda wa walinzi, apewe mkate mmoja kila siku kutoka njia ya waokaji, mpaka mikate ya mji ikaisha. Wababeli walikuwa wamerudi. Ilikuwa mwaka wa 10 wa Sedekia, yaani karibu mwaka 587 kabla ya Kristo.

Hapo ndipo alipofika Hanameli, mwana wa Shalumu ami yake Yeremia. Akamwambia anunue shamba lake lililoko Anathothi, kwa kuwa haki ya kulikomboa ni yake. Torati ya Walawi, sura ya 25, iliweka kwamba mtu akiwa maskini akauza urithi wake, jamaa yake wa karibu aukomboe, ili ardhi isitoke katika ukoo. Sababu ya Hanameli haikuandikwa, lakini si vigumu kuikisia. Anathothi iko kilomita 5 hivi kutoka Yerusalemu, upande wa kaskazini mashariki, na jeshi la Babeli lilikuwa limeizunguka Yerusalemu pande zote. Shamba lile halikuwa na thamani yoyote kwa mtu aliyefungwa ndani ya mji.

Tena tukumbuke Anathothi ni mji gani. Ni kwao Yeremia, mji wa makuhani. Na katika sura ya 11 twasoma kwamba watu wa Anathothi walifanya shauri la kumwua asiendelee kutabiri, na sura ya 12 yaongeza kwamba ndugu zake, watu wa nyumba ya baba yake, walimtenda kwa hila. Hatusemi kwamba Hanameli alikuwa mmoja wao, Biblia haisemi. Lakini ni mji huo, na ni jamaa hiyo. Wao walitaka kumkatilia mbali na nchi ya walio hai, naye sasa aombwa atoe fedha yake, akiwa gerezani, akiishi kwa mkate mmoja, alikomboe shamba lao.

Akalinunua. Akapima shekeli 17 za fedha katika mizani, maana huko Yuda siku zile fedha ilipimwa kwa uzito. Yapata gramu 200 kwa kipimo chetu. Akaandika hati ya kununua, akaitia muhuri, akawaita mashahidi. Hati zilikuwa mbili kama ilivyokuwa desturi, moja imefungwa na kutiwa muhuri isiweze kubadilishwa, nyingine wazi ili isomwe. Akampa Baruku mwana wa Neria, mwandishi wake, mbele ya Hanameli na mashahidi na Wayahudi wote walioketi katika uwanda ule, akamwagiza azitie katika chombo cha udongo zikae siku nyingi. Aliyeandika sura hii hakuacha hatua hata moja ya ununuzi. Amezitaja zote, kama karani wa ofisi ya ardhi.

Kuhusu kile chombo cha udongo, msidhani ni neno la mapambo. Mwaka 1947 wachungaji wa Kibedui, karibu na Bahari ya Chumvi, walikuta mitungi katika pango, na ndani yake magombo ya kale, mojawapo likiwa la nabii Isaya, lililokuwa limekaa humo karibu miaka 2,000. Katika nchi ile kavu hati ikitiwa mtungini hudumu kuliko aliyeiandika.

Baada ya kutenda hayo yote, Yeremia ndipo akaomba. Tuzo la utaratibu huo tumpe, maana wengi wetu huomba kwa muda mrefu ili tusifike kwenye kutenda. Na katika maombi yake akiri kwamba haelewi. Mji umekwisha kutolewa mikononi mwa Wakaldayo, maboma ya kuuteka yanaonekana kwa macho, nawe waniambia ninunue shamba? Jibu la Mungu ni refu. Kwanza azitaja dhambi za mji bila kuficha, hata watoto waliochinjwa kwa Moleki katika bonde la Hinomu. Hakuna lililofutwa kwa maneno matamu. Kisha, pasipo watu wale kuwa wamefanya jambo lolote la kuustahili wema, asema atawakusanya kutoka nchi zote alikowafukuza, atawapa moyo mmoja, atafanya nao agano la milele, tena atawapanda katika nchi hii kwa furaha. Hii ndiyo neema. Inawajia watu walewale waliowarudisha watumwa.

Je, ahadi hiyo itaonekanaje? Mwisho wa sura ya 32 watujibu kwa namna isiyo ya kawaida kwa unabii: watu watanunua mashamba kwa fedha, wataandika hati, watazitia muhuri, wataweka mashahidi, katika nchi ya Benyamini, kandokando ya Yerusalemu, katika miji ya milimani, ya nchi tambarare na ya kusini. Na neno la Kiebrania la kuwarudisha watu hawa ni lile lile la kutubu na kurudi. Kwa hiyo kurudishwa kwa Mungu kuna mizani ndani yake. Kuna karani, na hati ambayo hata maskini aweza kuionyesha.

Twalisema hili hasa kwa ajili ya wajane wanaotusikiliza. Mama, uliyefukuzwa katika boma la marehemu mumeo kabla udongo wa kaburi haujakauka, usiambiwe na mtu kwamba kudai shamba ni ukosefu wa imani, au kwamba Mkristo mwema hunyamaza. Mungu alimwagiza nabii wake atengeneze hati. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, yamtambua mjane pamoja na watoto, wa kike kwa wa kiume. Nenda kwa chifu upate barua, nenda mahakamani, na kanisa liende pamoja nawe. Twasema kanisa liende, maana mara nyingi mama huyo huombewa ibadani, kisha huachwa aende peke yake, huku shemeji zake wamekuja watano.

Watu 128

Sasa turudi kwa yule ndugu aliyeokoka. Alitaka kujua kama neema imemaliza jambo lake. Katika sura ya 31 Yeremia atabiri agano jipya, ambalo katika hilo Mungu husamehe uovu wala haukumbuki tena. Hilo ndilo agano alilolitaja Bwana wetu usiku ule aliposaliwa saa chache kusalitiwa, alipowapa wanafunzi kikombe. Twashukuru Mungu kwa ajili yake, na hatutaki kulipunguza hata kidogo. Lakini tuangalie ahadi nyingine iliyomo ndani ya agano hilo hilo. Mungu aiandika torati yake mioyoni mwa watu. Torati ipi? Hakuleta nyingine. Ni ile iliyoamuru mtumwa aachiwe mwaka wa 7, mjane asionewe, mizani iwe sawa, na jiwe la mpaka lisisogezwe. Yehoyakimu alikuwa na torati hiyo nje yake, naye akalipasua gombo la nabii kwa kijembe na kulitupa motoni. Sisi twasema imeandikwa ndani yetu. Basi anayekishika kikombe cha Bwana huku akishika pia hati ya shamba lisilo lake, ameombwa na agano lenyewe alegeze mkono mmoja.

Zakayo alilielewa jambo hilo mara moja. Yesu aliingia nyumbani kwake kwanza, kabla hajarudisha hata senti, na watu wakanung'unika. Neema ilitangulia. Kisha Zakayo akasimama akasema juu ya kuwarudishia mara nne wale aliowanyang'anya, na hakuna mahali tunaposoma kwamba Yesu alimwambia, Keti, usijisumbue, umekwisha kusamehewa. Ndugu yetu na afanye vivyo hivyo, akiwa na wazee wawili wa kanisa kama mashahidi. Kama amekwisha kuliuza, na alipe thamani yake kidogo kidogo kadiri awezavyo. Itamgharimu, na huenda wanawe wakakasirika. Hatuwezi kumwambia vinginevyo. Neema haikuandika upya jina katika hati ile.

Huko Yuda mambo yalikwendaje? Mji ulianguka. Yerusalemu ilichomwa moto, wakuu wakachukuliwa. Sura ya 39 yataja jambo dogo ambalo wasomaji wengi hulipita: Nebuzaradani, mkuu wa walinzi wa Babeli, aliwaacha nchini maskini wasiokuwa na kitu, akawapa mashamba ya mizabibu na makonde siku ile ile. Kazi iliyowashinda wakuu wa Yuda ikafanywa na afisa mpagani. Yeremia mwenyewe alichukuliwa mpaka Misri na watu wasiotaka kumsikiliza. Hatusomi mahali popote kwamba alilima shamba lake la Anathothi hata siku moja.

Mwaka 538 kabla ya Kristo Koreshi mfalme wa Uajemi aliwaruhusu Wayahudi warudi kwao. Kitabu cha Ezra, sura ya 2, chatoa orodha ndefu ya waliorudi, orodha ambayo sisi wasomaji wa Biblia huiruka kwa sababu ni majina na hesabu tu. Katika mstari wa 23 wameandikwa watu wa Anathothi, 128.

Na hata wao, pamoja na wenzao wote waliorudi, hawakukaa muda mrefu kabla shauri la zamani halijaanza tena. Katika siku za Nehemia, yapata mwaka 445, maskini walikuja wakilia kwamba wameweka rehani mashamba yao wapate nafaka wakati wa njaa, na watoto wao wanatiwa utumwani, na wanaowatenda hivyo ni Wayahudi ndugu zao. Nehemia akakasirika sana. Akafikiri moyoni mwake, akawaita wakuu, akawataka warudishe siku ile ile mashamba, mizabibu, mizeituni na nyumba, pamoja na ile riba waliyokuwa wakitoza. Wakakubali. Lakini Nehemia alikuwa amesoma historia ya watu wake. Akawaita makuhani, akawaapisha wale wakuu mbele yao, kisha akakung'uta vazi lake.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutafungua kitabu cha nabii Hosea. Kabla ya siku hiyo twawaomba msome Yeremia sura ya 32 yote na Nehemia sura ya 5, ikiwezekana pamoja na watu wa nyumbani mwenu, hata wale wanaowafanyia kazi. Bwana awabariki na kuwalinda.